Gari la ng'ambo limekwama au linasumbua: dalili moja moja, kutoka makaratasi hadi injini

Gereji yetu iko Malindi. Magari mengi ya Japani hutufikia yakiwa na siku mbili tatu tu tangu yatoke bandarini Mombasa, mengine yakiwa njiani kwenda Witu, Mpeketoni na Mokowe. Wenyewe huja na maswali yale yale, na mengi hayana uhusiano wowote na spana. Gari limekwama bandarini Kilindini, ushuru umeruka, logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, haionekani. Kwa hiyo nimeanza na karatasi, kisha nikaingia kwenye injini. Katika kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo tunayoiona sana, na ya mwisho ndiyo ya nadra. Ifuate hivyo hivyo, usiruke.

Umelipa, na muuzaji amenyamaza

Usianze kulia. Sababu ya kwanza ni benki na kalenda. Pesa za kwenda Japani hupitia benki ya katikati na huchukua siku kadhaa za kazi. Tena Wajapani wana likizo ndefu mwishoni mwa Aprili hadi siku za mwanzo za Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya. Ukilipa tarehe 28 Aprili, kimya cha wiki nzima ni cha kawaida. Iombe benki yako nakala ya ujumbe wa SWIFT, ule unaothibitisha malipo kati ya benki na benki, umtumie muuzaji. Mara nyingi hiyo peke yake huamsha mambo.

Sababu ya pili ni jina au namba ya akaunti iliyoandikwa kwa makosa. Hilo benki hulirekebisha, ingawa huchukua muda.

Ya tatu ndiyo mbaya. Jiulize: akaunti ilikuwa kwa jina la kampuni, au kwa jina la mtu? Benki ilikuwa Japani, au nchi nyingine kabisa? Ulipokea barua pepe dakika za mwisho ikisema "tumebadilisha akaunti"? Jibu likikutia shaka hata kidogo, hapo ndipo pa kusimama. Usitume "ada ndogo ya mwisho" yoyote. Nenda benki siku ile ile, si kesho, uombe malipo yarudishwe, kisha upige ripoti kwa polisi wa upelelezi ukiwa na mazungumzo yote yamechapishwa. Pesa ikishatolewa kule, kuipata tena ni vigumu mno.

Cheti cha ukaguzi hakitoki, au gari limekataliwa kwa umri

Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na kipimo ni kiwango cha KS 1515 cha shirika la viwango, KEBS. Miaka huhesabiwa kuanzia mwaka gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka huu wa 2026, gari liwe limesajiliwa 2019 au baadaye. Usukani uwe kulia, na tofauti kati ya mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa isizidi mmoja.

Kosa kubwa tunaloliona ni kusoma mwaka kwenye tangazo badala ya kwenye hati ya Kijapani. Muuzaji huandika mwaka unaompendeza mnunuzi, lakini hati huandika kwa kalenda ya mfalme wao. Heisei 30 ni 2018. Heisei 31 iliishia tarehe 30 Aprili 2019, na kuanzia tarehe 1 Mei ikawa Reiwa 1, nayo ni 2019 vile vile. Gari lenye Heisei 30 kwenye cheti cha kuuzwa nje halisajiliki hapa mwaka huu, hata ling'ae namna gani. Omba picha ya hati hiyo kabla ya kutuma hata senti, utafute zile alama mbili za Kichina za enzi na tarakimu iliyo mbele yake.

Sababu ya pili ni safari. Gari la mwaka wa mwisho unaoruhusiwa hupakiwa Desemba, meli ikachelewa, likafika Januari. Safari ya Japani hadi Mombasa ni mwezi hivi, na mara nyingine zaidi. Anayenunua gari la mpakani mwa umri baada ya Oktoba anacheza na pesa zake.

Ya tatu ni kasoro halisi: tairi zilizokwisha, taa, kutu chini ya bodi. Hizo hutengenezwa huko huko, gari likakaguliwa tena. Usikubali kabisa lipandishwe melini bila cheti cha ubora wa barabarani kutoka kwa kampuni iliyoidhinishwa na KEBS. Ukiambiwa "tutalimaliza Mombasa", kataa. Gari likishafika bila cheti, wewe ndiwe unayebembeleza.

Ushuru umekuja mkubwa kuliko ulivyohesabu

Watu wengi huhesabu kwa bei waliyonunulia. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haianzi hapo. Inaanza na bei ya gari la aina hiyo likiwa jipya hapa nchini, ile orodha inayojulikana kama CRSP, kisha inapunguza uchakavu kwa umri. Gari la miaka 7 kwenda 8 hupunguziwa zaidi kuliko la miaka 3. Kinachobaki, baada ya hesabu zao, ndiyo thamani ya forodha, na juu yake kodi hupandishwa moja juu ya nyingine kama sahani.

Tazama mfano. Thamani ya forodha ikiwa shilingi 500,000, ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni 175,000, jumla 675,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya petroli isiyozidi sisi (cc) 1,500 ni asilimia 20, na unatozwa juu ya hiyo 675,000, kwa hiyo 135,000. Sasa ni 810,000. VAT ya asilimia 16 juu ya hiyo ni 129,600. Ongeza ada ya uagizaji ya asilimia 2.5 na ile ya reli ya asilimia 2, zote kwa thamani ya mwanzo: 12,500 na 10,000. Jumla ya kodi ni 462,100. Injini ikipita sisi 1,500, ile asilimia 20 inakuwa 25. Ndiyo maana watu wa pwani wanapigania magari ya sisi 1,500 kushuka.

Ukikuta tofauti, anza na msimbo wa modeli. Jina moja la gari linaweza kuwa na aina kumi, ya haibridi (petroli na umeme pamoja), ya magurudumu manne, ya kifahari, na kila moja ina bei yake kwenye orodha. Linganisha herufi za mwanzo za namba ya chesisi na mstari wa orodha uliotumiwa na ejenti wako wa forodha. Pili, hakikisha orodha aliyotumia ni ya sasa. Ilibadilishwa Julai 2025, na waliohesabu kwa ya zamani waliumia. Tatu, angalia kama mwezi wa usajili umeingizwa sawa, kwa sababu mwezi mmoja unaweza kukuvusha ngazi ya uchakavu.

Ukiwa bado huelewi, mlipe ejenti mwingine wa forodha aliyesajiliwa akupitie hesabu mara moja. Ni gharama ndogo. Ila akikwambia mtu kwamba ana njia ya "kushusha" ushuru kwa kubadilisha mwaka au ukubwa wa injini, ondoka mbele yake. Gari lenye tamko la uongo hushikwa hata baada ya miaka, na anayeshikwa ni mwenye jina kwenye logibuku.

Meli imefika, gari halitoki

Dalili hii ndiyo inayokula pesa za watu kimya kimya, maana baada ya siku za bure kwisha, kila siku ina gharama yake ya kuhifadhi. Mizigo isiyotolewa tamko ndani ya siku 21 tangu meli ishushe huhamishwa kwenye ghala la forodha, na safari ya mnada huanzia hapo.

Sababu ya kwanza ni hati ya shehena, ile watu wa bandarini wanaiita BL. Huenda nakala halisi bado iko Japani, au iko kwa kuria Nairobi. Muulize muuzaji namba ya kifurushi, ufuatilie mwenyewe. Kama hujamaliza malipo, hataiachia, na ana haki.

Ya pili ni jina. Kwenye BL umeandikwa kwa majina mawili, kwenye PIN ya KRA, namba yako ya mlipa kodi, una matatu. Au muuzaji ameandika jina la mtoto wako aliyefanya mazungumzo kwenye simu. Rekebisho lake hupitia kampuni ya meli, na lina ada. Lingeepukwa kwa kumtumia muuzaji picha ya cheti chako cha PIN tangu siku ya kwanza.

Ya tatu ni ushuru ambao haujalipwa, na hili nalisema kwa uchungu. Gari langu la kwanza, Probox nyeupe, lilikaa Mombasa siku tisa huku ejenti akiniambia kila asubuhi kwamba mtandao umeanguka. Siku ya kumi nilipanda matatu ya alfajiri. Nilipoomba hati ya malipo nikakuta haijalipwa. Pesa niliyompa ilikuwa imetoa gari la mtu mwingine, naye alikuwa akisubiri mteja mwingine ili atoe langu. Nililipa siku zile za ziada kwa mfuko wangu.

Tangu hapo nafanya hivi, na namsihi kila mtu afanye hivi: ushuru usipitie mkononi mwa ejenti. Akutumie hati ya malipo ya KRA yenye namba yake, ulipe wewe mwenyewe benki au kwa simu, ubaki na risiti. Ejenti alipwe kazi yake tu, kwa makubaliano yaliyoandikwa. Aliye mkweli hatakasirika.

Zikifika siku 15 bila maelezo yenye karatasi, usiendelee kupiga simu kutoka Malindi. Nenda mwenyewe, na ikibidi badilisha ejenti kwa barua.

Logibuku haionekani

Kwanza ingia kwenye akaunti yako ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, uangalie kama ombi lipo. Mara nyingi halipo kwako, lipo kwenye akaunti ya ejenti, au namba ya simu iliyoandikwa ni yake na ujumbe wote unamfikia yeye. Pili, taarifa za forodha na za NTSA hazifanani: herufi moja ya chesisi, rangi, mwaka. Hilo hurudi kwa aliyeandika tamko. Tatu, kuna ada haijakamilika.

Usiendeshe gari lisilo na namba halali kwa kisingizio kwamba "iko njiani". Ukipata ajali pale Kibaoni au daraja la Sabaki, bima itakugeuzia kisogo.

Gari lina namba za Tanzania, na sasa linakamatwa

Kila mara kuna mtu anauziwa gari zuri lililovuka Horohoro na Lunga Lunga, kwa bei ya kutamanisha. Dalili huanza kwenye kizuizi cha polisi: kibali kimekwisha.

Sababu ya kawaida ni kwamba gari liliingia kama la mgeni, kwa kibali cha muda chenye siku zilizoandikwa. Kibali hicho hakiuzwi pamoja na gari. Angalia tarehe, na jina la aliyeliingiza. Kama siku bado zipo, mwenye jina lile alirudishe mpakani kabla hazijaisha, na mazungumzo ya kununua yaendelee likiwa upande wa pili.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Tanzania huruhusu magari yaliyozidi miaka 8, ikiyatoza kodi ya ziada ya uchakavu. Kwa hiyo gari linaweza kuwa halali kabisa Tanga na lisiweze kusajiliwa Malindi hata ukilipa ushuru wote. Kabla ya kuangalia rangi, uliza mwaka wa usajili wa kwanza, nao ni ule wa Japani, wala si ule lilipopata namba za Tanzania.

Kama tayari umenunua na muda umepita, usilifiche uani na usibandike namba nyingine. Hapo sasa ni kesi ya forodha. Tafuta wakili au ejenti aliyesajiliwa, mwende ofisi ya KRA wenyewe kabla hamjafuatwa. Anayejipeleka husikilizwa tofauti na anayekamatwa.

Gari haliwaki siku ya kulichukua

Sasa tuko kwenye chuma. Gari limekaa melini na yadi kwa wiki nyingi. Betri imelala, na mafuta yaliyomo ni ya kunusa tu, kwani magari husafirishwa na kiasi kidogo sana. Angalia hayo mawili kabla ya kumlipa mtu. Kaza vichwa vya betri kwa mkono: vikizunguka, umepata jibu.

Kwa gari la kitufe, betri ya ufunguo huwa imekufa. Kwenye Toyota kanyaga breki, gusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe, ubonyeze. Wengi hushangaa likiwaka.

Kwa haibridi, betri ndogo ya volti 12 huwa nyuma, chini ya kiti au kwenye buti, na ndiyo inayoamsha mfumo wote. Ukiipa moto kutoka gari jingine, hakikisha chanya imekwenda kwa chanya. Ukigeuza waya hata kwa sekunde, unaweza kuua kifaa kinachogharimu kuliko injini. Kama huna uhakika, mwite fundi umeme wa haibridi, ungoje.

Redio haishiki vituo, au imejifunga na inadai namba

Redio ya Japani haijaharibika. Masafa yao ya FM yanaanzia 76 na kuishia 90, na kwenye zile mpya hadi 95. Yetu yanaanzia karibu 88 na kufika 108. Kwa hiyo vituo vyetu vingi viko nje ya mlango wake. Dawa rahisi ni kikasha cha kubadilisha masafa, kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Kazi ya nusu saa. Usikubali kununua redio mpya kabla ya kujaribu hicho.

Ile ya kujifunga hutokea betri ikifunguliwa. Kwenye redio nyingi za Toyota za Japani kioo kinageuka na kuonyesha ERC na namba ndefu. Usibahatishe namba ovyo. Piga picha ya kioo, umpelekee fundi redio anayejua kuzifungua. Na ukitaka kubadilisha betri, mwambie fundi ashike umeme kwa betri ya pili wakati wa kubadilisha.

Sindano ya joto inapanda ukifika Kilifi

Simamisha gari, zima kiyoyozi, na usiguse kifuniko cha rejeta hadi mkono wako uweze kukaa juu yake bila kuungua. Nimeona mtu akiungua uso kwa haraka ya dakika kumi. Kumwagia injini yenye moto maji baridi nako ni kuipasua.

Sababu ya kwanza pwani hii ni maji. Gari lilikuja na kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, ya rangi ya waridi au buluu, iliyowekwa Japani kukaa miaka. Mtu akaona imepungua kidogo, akaongeza maji ya kisima. Maji ya visima vyetu, kuanzia Mambrui hadi Lamu, mengi yana chumvi, na chumvi ndani ya injini ya alumini hufanya kazi usiku na mchana. Mwaka juzi tulifungua Noah ya bwana mmoja wa Mpeketoni. Themostati, ile valvu inayofungulia maji yapite kwenda kwenye rejeta, ilitoka imevaa ukoko mweupe, mgumu, kama ule wa ndani ya birika la zamani, na ilikuwa imenasa nusu wazi nusu imefungwa. Nikamuuliza, "Mzee wangu, ulikuwa ukiongeza maji gani?" Akasema, "Ya kisimani kwangu, mwanangu, hata chai twapikia." Chai haiharibiki. Rejeta ndiyo iliyooza, pamoja na pampu.

Kwa hiyo: angalia kiwango kwenye chupa ya pembeni, gari likiwa baridi. Kama maji yana rangi ya kutu, yote yatolewe, mfumo usafishwe kwa maji yasiyo na chumvi, kisha kulanti sahihi itiwe. Pili, angalia feni: washa kiyoyozi, ifungue boneti, uone kama inazunguka. Tatu ni themostati, nne ni pampu.

Mwisho ni hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Vuta kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe unatoka nyuma na hauishi, gari lisiwake tena. Livutwe. Kilomita tano za "nitafika tu" zinatosha kugeuza kazi ya gasketi kuwa kazi ya injini nzima.

Gia inasita au inavuta kama raba

Magari madogo mengi ya Japani yana gia za CVT, yaani otomatiki isiyo na ngazi za gia. Kwanza ujue kwamba mlio mmoja unaopanda bila kubadilisha gia ndiyo tabia yake. Kisichokuwa kawaida ni kushtuka unapoondoka, au injini kulia huku gari likiwa pale pale. Sababu ya kwanza ni oili ya gia iliyochoka, na ya pili ni oili isiyo yake iliyotiwa na mtu. Oili ya gia za otomatiki za kawaida haifai kwenye CVT. Iwe ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ikiendelea kuteleza baada ya hapo, acha kuendesha. Kazi ya ndani ya CVT si ya kila gereji, hata yetu hatuigusi, tunaipeleka Mombasa.

Taa ya haibridi imewaka

Betri kubwa hupozwa na feni, na feni huvuta hewa kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Hilo tundu hapa Malindi hujaa mchanga, nywele na vumbi la makuti, au abiria ameliziba kwa mzigo. Lisafishe kwanza, chujio lake lioshwe likauke. Wengi taa huzima hapo.

Ikibaki, simama. Waya za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua: betri ya Toyota Aqua ya toleo la kwanza ni volti 144, na ya Prius ni zaidi ya 200. Fundi wa kawaida hata kama ni hodari asizifungue, na wewe usimruhusu kwa kuona haya.

Gari linateleza mvua ikinyesha, tairi bado nene

Pitisha kidole kwenye tairi. Ni laini kama kifutio, na limejaa mikato myembamba? Soma ubavuni: likiandikwa STUDLESS, hilo ni tairi la theluji. Japani ya kaskazini hulivaa majira ya baridi. Kwenye lami ya moto ya hapa kwetu hulainika, hukosa mshiko kwenye maji, na huisha upesi. Soma pia tarakimu nne za tarehe: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la umri huo badilisha, hata kama halijatembea. Hapa hakuna cha kutengeneza.

Gari la huko kaskazini likague na chini, kwa sababu barabara zao hunyunyiziwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Kutu ya juu juu husuguliwa ikapakwa dawa. Bisibisi ikiingia kwenye fremu au mahali pa kushikia sapensheni, usilipandishe familia mpaka mchomeleaji anayejua bodi aseme neno lake.

Harufu ya uvundo, umeme unaofanya mambo ya ajabu

Kwanza kagua chujio la kiyoyozi nyuma ya dashibodi, labda lina ukungu tu. Kisha vuta mkanda wa kiti hadi mwisho kabisa. Ukikuta mstari wa tope pale mwisho, gari liliwahi kuzama. Inua zulia la buti, utazame kwenye shimo la tairi la akiba. Linganisha pia kilomita za kwenye saa na zile za kwenye cheti cha kuuzwa nje na cha ukaguzi: zikipungua badala ya kuongezeka, una kesi na muuzaji, piga picha zote kabla ya kugusa kitu. Gari lililozama usilifukuzie taa moja moja. Mwite fundi umeme alikague lote mara moja, akupe hesabu, ndipo uamue kulitunza au kuliachilia.

Kwa wenzetu wa Lamu: gari limelala Mokowe, halitaki kuamka

Wanaokaa kisiwani huliacha gari bara, wakapanda boti, wakarudi baada ya wiki tatu. Betri imekufa, na pengine panya wamekula waya. Mtu huambiwa afungue kichwa hasi cha betri kabla ya kuondoka, na kwa gari lisilo na redio ya kujifunga ni sawa. Kwa Toyota ya Japani, redio itakudai namba ukirudi. Bora umpe mtu unayemwamini ufunguo aliwashe nusu saa kila baada ya siku nne tano, likiwa kivulini, mbali na upepo wa bahari.

Kabla ya kulipeleka huko mara ya kwanza, litoe Mombasa na ulilaze Malindi usiku mmoja. Kilomita 120 zinatosha kuonyesha joto, gia na tairi, na hapa bado kuna mafundi na spea. Kutoka Malindi hadi Mokowe ni safari ndefu zaidi, kwa Garsen na Witu, na mto Tana ukifurika barabara ile hufunikwa na maji. Ukikuta maji yamevuka lami na huoni mstari wa ukingo, geuza gari. Injini ikimeza maji, usijaribu kuiwasha hata mara moja. Funga breki ya mkono, utoe abiria, mwite wa kulivuta, na umwambie fundi atoe plagi kwanza kabla ya mtu yeyote kugusa kitufe.